Rangi Isiyochuja: Jinsi Nguo Zinavyotiwa Rangi na Kuchapwa Katika Chumba Kidogo cha Kazi

Hapana mama wa nyumbani asiyejua hasara ya nguo inayochuja. Hununua kitambaa chekundu cha kupendeza, akakifua siku moja pamoja na shati jeupe la shule la mwanawe, na jioni shati limekwisha kuwa la waridi. Wengi husema, "Rangi ile ilikuwa mbovu," na maneno huishia hapo. Walakini mara nyingi rangi yenyewe haina kosa. Kosa huwa katika njia iliyotumiwa kuitia, na njia iliyo njema yaweza kujifunzwa na kila mtu mwenye subira.

Jambo hili lina maana kubwa kwa mafundi wa mitaa kama Olympic, katika Kibera, mjini Nairobi, na kwa jirani zao wa Kawangware. Huko fundi cherehani hufanya kazi bega kwa bega na mshona viatu, na mwenye kutia batiki hufanya kazi jirani na mchapaji wa fulana. Mtaji wao ni mdogo. Tuseme fundi mmoja amepewa kazi ya kuchapa fulana 40 za timu ya mpira. Fulana amezinunua kwa fedha zake mwenyewe, au kwa mkopo wa chama. Zikichuja baada ya kufuliwa mara moja tu, zote 40 zitarudishwa mlangoni pake, na kodi ya chumba kwa mwezi ule itakuwa imekwenda na maji. Kwa hiyo yafaa tueleze kwa nini rangi hushika nguo, kwa nini nyingine huiacha, na jinsi fundi awezavyo kufanya majaribio kwa gharama ndogo kabla ya kuigusa mali ya watu.

ASILI YA KAZI HII

Tangu zamani watu wametia nguo rangi kwa majani, magome, mizizi na hata wadudu. Nili ya buluu ni mojawapo ya rangi hizo za kale. Mwaka 1856 kijana Mwingereza wa miaka 18, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza dawa ya kwinini. Kwinini hakuipata, bali alipata rangi ya zambarau iliyoshika vizuri kwenye hariri, na huo ukawa mwanzo wa rangi zinazotengenezwa viwandani. Miaka 100 baadaye, mwaka 1956, kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuuza rangi za namna mpya kabisa, zinazoungana na uzi wa pamba hata vikawa kitu kimoja. Rangi za jamii hiyo ndizo zitakazotushughulisha zaidi katika makala haya.

Kuchapa kwa skrini nako kulipata hati ya haki huko Uingereza mwaka 1907, kwa jina la Samuel Simon wa Manchester, ingawa Wajapani walikuwa wamechapa nguo kwa karatasi zilizotobolewa kwa muda mrefu kabla ya hapo.

Hapa kwetu, katika karne ya 19, kitambaa kilichovuma pwani kilikuwa amerikani, ambacho kililetwa Unguja na wafanyabiashara wa Marekani. Mwishoni mwa karne hiyo ikazuka kanga. Kwa miaka mingi kanga zetu zilichapwa ng'ambo, huko India, Ulaya na Japani. Baada ya uhuru vilijengwa viwanda vikubwa vya nguo katika Afrika ya Mashariki, kama Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968, na Rivatex cha Eldoret. Rivatex kilifungwa mwaka 2000, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na baada ya kutiwa mitambo mipya kikafunguliwa tena rasmi mwaka 2019. Fundi wa Olympic hawezi kushindana na kiwanda kwa wingi wala kwa bei. Lakini kiwanda hakipokei kazi ya vitambaa 10 vya kwaya au fulana 40 za timu. Kazi hiyo ni ya fundi mdogo, na ataipata tena ikiwa tu ile ya kwanza haikuchuja.

KITAMBAA KWANZA

Jambo la kwanza ni kujua kitambaa ni cha namna gani. Chomoa nyuzi chache ukazichome kwa kiberiti, mbali na nguo nyingine. Uzi wa pamba huungua kama karatasi, hutoa harufu ya karatasi, na huacha majivu mepesi. Uzi wa poliesta huyeyuka ukawa tone gumu jeusi. Tofauti hii ni kubwa, kwa maana rangi ya pamba haiingii katika poliesta hata ukiichemsha kutwa. Kitambaa cha mchanganyiko hushika rangi nusu nusu, nacho hutoka kimepauka.

Jambo la pili ni usafi. Kitambaa kipya kitokacho dukani kina wanga na mafuta ya kiwandani, nayo huizuia rangi isipenye, ndipo mabaka hutokea. Chemsha kitambaa kwa sabuni na magadi kidogo kwa muda wa nusu saa, kisha kisuuze. Tone la maji likianguka juu ya kitambaa safi hunywewa mara moja. Likikaa juu kama umande, kazi ya kusafisha haijaisha.

KAZI YA CHUMVI NA MAGADI

Katika chombo cha kutilia rangi huwamo maji, rangi, chumvi na magadi, na kila kimoja kina kazi yake. Maji hubeba rangi. Chumvi huisukuma rangi itoke majini iingie katika uzi. Magadi hufanya kazi ya mwisho na iliyo kubwa: huyageuza maji yakawa makali kiasi cha kuiwezesha rangi kuungana na pamba. Pasipo magadi, rangi huwa imeingia tu kama mgeni asiyepewa kiti, na maji ya kwanza ya kufulia huitoa nje.

Kwa rangi zinazotiwa bila kuchemshwa, vipimo vinavyotumiwa sana ni gramu 50 za chumvi na gramu 20 za magadi kwa kila lita ya maji. Basi kwa mtungi wa lita 20, chumvi ni kilo 1 na magadi ni gramu 400. Maji yawe ya uvuguvugu. Kitambaa kikae katika rangi na chumvi kwa nusu saa huku kikigeuzwa, ndipo magadi yaliyokwisha yeyushwa katika maji kando yatiwe kidogo kidogo, na kitambaa kiendelee kugeuzwa kwa muda wa saa moja.

Hapa pana mtego uliowanasa wengi. Magadi ya viwandani na magadi ya mawe yauzwayo sokoni kwa kupikia si kitu kimoja. Yote mawili hupatikana Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Lakini jiwe la magadi ni mchanganyiko, na sehemu yake moja ni dhaifu. Kiwandani jiwe hilo huchomwa kwa moto mkali hata ile sehemu dhaifu ikageuka kuwa kali. Fundi atiaye jiwe la sokoni kwa kipimo cha magadi ya kiwandani asistaajabu akiona rangi imefifia.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba rangi hii huungana na pamba, lakini huungana na maji pia. Ile iliyoungana na maji haiwezi tena kushika nguo. Kwa sababu hiyo rangi iliyokwisha tiwa magadi haiwekwi mpaka kesho, maana baada ya saa chache nguvu yake imekwisha. Na kwa sababu hiyo hiyo hapana budi kuisuuza nguo sana: kwanza kwa maji baridi, kisha kwa maji ya moto sana yenye sabuni, mpaka maji yatoke meupe. Nguo nyingi zinazochuja zilitiwa rangi vizuri, ila hazikusuuzwa vya kutosha.

KUCHAPA KWA SKRINI

Skrini ni fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba chenye matundu madogo sana. Kwa kazi ya nguo, kitambaa cha nyuzi 43 kwa sentimita hutumiwa sana. Hupakwa dawa inayogeuzwa na mwanga, nayo hukaushwa gizani. Kisha mchoro mweusi katika karatasi angavu huwekwa juu yake, na mwanga mkali huwashwa. Mahali mwanga ulipogusa, dawa huwa ngumu. Mahali mchoro ulipouzuia, dawa hubaki laini, na maji huiosha ikatoka. Hivyo matundu huwa wazi mahali pa mchoro tu, na rangi ikivutwa kwa kibao chenye ukingo wa mpira hupenya hapo peke yake.

Rangi ya kuchapia haiungani na uzi kama ile ya kutilia. Hushikwa juu ya nguo na namna ya gundi, na gundi hiyo huhitaji joto ili ikaze. Rangi nyingi za maji hutaka joto la digrii 150 hivi kwa dakika kadha wa kadha, kama ilivyoandikwa kwenye kopo lake. Asiye na mashine hutumia pasi, akiweka karatasi juu ya mchoro na kuipitisha pasi polepole, sehemu kwa sehemu, pasipo haraka. Kukauka si kukaza. Fulana iliyoanikwa juani ikakauka huonekana imekamilika, lakini ikiingia majini mchoro humenyuka.

JINSI YA KUFANYA MAJARIBIO

Majaribio si kuchanganya vitu kwa kubahatisha. Kata vipande 5 vya kitambaa kile kile, kila kimoja kama upana wa kiganja. Badilisha jambo moja tu, mathalan kipimo cha magadi, na mengine yote uyaache sawasawa. Ukibadilisha magadi, chumvi na saa kwa pamoja, hutajua lipi lililoleta mema na lipi lililoleta mabaya. Kitie kila kipande alama ya fundo, na uandike katika daftari vipimo, muda na siku.

Kisha kishonee kila kipande kando ya kitambaa cheupe cha pamba, ukavifue pamoja mara 5 kwa maji ya moto na sabuni. Kile kitambaa cheupe ndicho shahidi wako. Kikibaki cheupe, kipimo kile chafaa. Kikiingia rangi, umepoteza kipande cha upana wa kiganja badala ya fulana 40.

MAJI NA AFYA

Katika Kibera watu wengi hununua maji kwa mtungi, kwa hiyo kila suuzo ni fedha. Maji ya suuzo la mwisho yaweza kuwekwa yawe suuzo la kwanza la nguo ifuatayo, ikiwa rangi ni ya jamii moja. Maji ya rangi yasimwagwe mferejini wanamochezea watoto, wala yasiachwe yateremke mtoni, bali yapelekwe kwenye bomba la maji machafu lililo karibu. Fundi apimaye rangi kwa mizani, wala si kwa kukisia, humwaga kidogo zaidi.

Unga wa rangi usivutwe puani. Baadhi ya watu wakiuvuta mara nyingi hushikwa na pumu, na wakisha kushikwa, hata unga kidogo huwadhuru. Funga pua na mdomo, fungua madirisha wakati wa kupima, lakini usipime penye upepo. Kwa batiki zinazotumia kostiki soda hapana budi kuvaa glavu na kuyalinda macho. Tia kostiki katika maji baridi kidogo kidogo. Usimwagie kostiki maji, maana yatachemka na kuruka. Wala sufuria ya rangi isirudi jikoni kamwe.

Mtu aweza kusema kwamba taabu hii yote ni nyingi kwa chumba kidogo. Lakini mteja hatazami ukubwa wa chumba. Hutazama fulana yake baada ya kuifua. Fundi aliyekwisha kukifua kipande chake mara 5 na kuandika katika daftari lake aweza kumpa mteja kazi pasipo wasiwasi, na timu ile itakapohitaji fulana za mwaka ujao, itajua mlango wa kubisha.