Rangi iliyojificha kwenye vinyweleo

Nilikwenda kuuliza habari za mkorogo. Nimerudi na miduara kumi na mmoja ambayo kwa wiki tatu sasa haijanitoka machoni.

Tulikuwa kwenye benchi la kliniki moja ya ngozi jijini Dar es Salaam, feni inazunguka na joto liko palepale. Dada aliyekaa pembeni yangu alishusha mtandio ajifute jasho, nami nikaona taya lake. Kuanzia chini ya sikio hadi karibu na kidevu, kwenye ngozi nzuri ya rangi ya kahawa, ilikuwepo miduara iliyopauka kama chai iliyozidi maziwa. Kila mmoja ulikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati. Ilijipanga mistari miwili, sita juu na mitano chini, na nafasi kati ya mmoja na mwingine ilikuwa sawasawa.

Ninajua kovu la moto likoje. Mafuta yakiruka kutoka kwenye karai hutua popote yanapotaka, na uji ukimwagika hufuata mteremko wa mwili. Hapa palikuwa na mpango. Mtu alikaa, akagonga mara ya kwanza, akasogeza mkono, akagonga tena, kama karani wa posta na muhuri wake. Utulivu huo ndio ulionisumbua.

Alipogundua nimeona hakukasirika. "Leza," alisema. "Nilikwenda kutoa nywele za kidevu." Nywele zilimwanza akiwa na miaka ishirini. Tangu aolewe amekuwa akiamka alfajiri anyoe kwa wembe kabla mume hajafumbua macho. Wembe ukamletea vipele, vipele vikaacha madoa meusi, na madoa akayapaka krimu aliyochanganyiwa dukani. Kisha akaona tangazo kwenye simu, akadunduliza hela. "Pigo la pili nilimwambia yule dada inachoma. Akaniambia vumilia, hiyo ndiyo dalili inafanya kazi. Nikavumilia."

Aliruhusu niandike haya yote, isipokuwa jina.

Daktari wake naye amekataa jina lake kutajwa. Ni mama wa makamo, ametibu ngozi za watu miaka mingi, na sehemu ya masomo yake aliipata Moshi, kwenye kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa kwenye hospitali ya KCMC mwaka 1992. "Wanaoungua wanakuja kwangu kimyakimya," aliniambia. "Wakiniona gazetini watasema yule anatangaza siri za watu. Hawatakuja tena, na vidonda vyao vitabaki kwenye mitandio."

Nilimwomba anieleze kilichotokea kwenye lile taya. Hakuchukua kitabu.

"Ukianika kanga mbili juani, moja nyeusi na moja nyeupe, ipi inashika moto kwanza? Basi leza ya kutoa nywele ni hivyo hivyo. Mwanga wake unatafuta weusi, ile melanini. Kwa Mzungu mwenye nywele nyeusi, kitu cheusi kwenye ngozi ni unywele peke yake, kwa hiyo mwanga unapita juu, unakwenda kuchoma shina. Kwetu sisi mlango wenyewe ni mweusi. Mwanga unambishia hodi unywele, anaitika ngozi."

Leza ya kwanza iliwashwa Marekani mwaka 1960. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish waliandika kwenye jarida la Science jinsi mwanga uliochaguliwa vizuri unavyoweza kuunguza kitu kimoja ndani ya ngozi na kumwacha jirani yake salama. Hapo ndipo biashara hii yote ilipopata msingi. Neno kubwa ni kuchagua. Mashine ya aleksandraiti, yenye mawimbi ya nanomita 755, hunyonywa sana na melanini, na huwafaa zaidi watu weupe. Ya Nd:YAG, nanomita 1064, huzama chini zaidi na melanini huinyonya kidogo. Ndiyo inayoaminika zaidi kwa ngozi nyeusi, mradi ngozi ipozwe, nguvu iwe ya kiasi na mwanga usitolewe kwa pigo fupi kupita kiasi.

Hata vipimo vyenyewe havikuanza na sisi. Thomas Fitzpatrick wa Harvard alipopanga aina za ngozi mwaka 1975, kwa kuangalia zinavyoungua juani, alianza na watu weupe. Ngozi ya kahawia na ngozi nyeusi ziliongezwa baadaye, zikawa daraja la tano na la sita. Daktari alilisema hili bila hasira, lakini alilisema mara mbili.

Yeye mwenyewe ana mashine ya 1064 chumba cha nyuma. Mgonjwa mpya hamgusi uso siku ya kwanza. Anampiga sehemu ndogo iliyojificha, nyuma ya taya, kisha anamrudisha nyumbani wiki kadhaa. Kwenye ngozi yetu doa halina haraka, laweza kutokea siku nyingi baadaye. "Bibi harusi akinijia zikiwa zimebaki wiki tatu, namwambia mwanangu, nenda kanyoe. Harusi ipite ndipo uje."

Jambo la pili analodai ni mfuko. Zamani aliuliza mgonjwa anapaka nini, akajibiwa "mafuta tu, daktari." Siku hizi anasema leta kila kitu kilichopo bafuni. Wanamimina mezani haidrokwinoni, krimu zenye steroidi kali, na makopo yasiyo na lebo ambayo huenda yana zebaki. Steroidi huikondesha ngozi. Haidrokwinoni ikipakwa miaka mingi inaweza kuleta weusi wa kibuluu kwenye mashavu, na huo weusi ndio wengine wanaokuja kuomba leza iufute. Ngozi iliyokwisha kuchubuliwa hivyo ikipigwa mwanga haina pa kujikinga. Dada wa miduara hakuulizwa mfuko wala mafuta. Hakuwekewa alama ya majaribio. Mashine ilikuwa ya aina gani, hajui. Daktari alinitazama: "Mashine zina mamlaka ya kuzisajili. Mkono ulioishika siku ile, aliukagua nani?" Sikuwa na jibu, naye hakuonekana kulingoja.

Halafu akanionyesha kilichonifanya niache habari ya mkorogo niliyotumwa.

Alimlaza yule dada, akamtaka radhi, akaweka juu ya taya kifaa kidogo chenye lenzi na taa. "Sogea uone." Niliinama. Mduara ulijaa jicho langu lote, mweupe kama ufukwe saa sita mchana, na ndani yake nikaona nukta nyeusi. Zilikuwa nne, kila moja kama punje ya ufuta. Katikati ya kila nukta ulipita unywele.

"Umeuona unywele?"

Nikasema nimeuona.

"Kila nukta inao. Seli za juu zinazotengeneza rangi ziliungua. Lakini kule chini, ndani ya kinyweleo, mwili unaweka akiba. Ngozi ikipata kidonda au ugonjwa ukiila rangi, zile seli za akiba zinaamka, zinapanda kwa kufuata unywele mpaka juu, zinaanza kusambaa. Nukta inakua, inakutana na jirani yake, mduara unafungwa."

Hivyo hivyo, alisema, ndivyo anavyoona kwa wagonjwa wa mbalanga. Usoni rangi hurudi kwa vitone kuzunguka vinyweleo. Kwenye ncha za vidole na midomoni, ambako nywele hazioti, hurudi kwa shida sana. Na pale nywele zenyewe zilipogeuka nyeupe, yeye huanza kuwa na wasiwasi, kwa sababu hiyo ni dalili kwamba akiba nayo imeguswa.

Nilibaki nimeinama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Huyu dada alilipa hela yake ili vinyweleo vile vife. Vilivyoponea moto ndivyo vinavyompandishia rangi yake, seli moja baada ya nyingine, miezi saba sasa.

Yeye alikwisha kuelezwa. Kilichobaki kwake ni swali moja, na alilirudia palepale kitandani: "Kwa hiyo daktari, niziache zikue?"

"Kwenye miduara usizing'oe kwa kibano, mwanangu. Zipunguze kwa mkasi. Upake dawa ya kukinga jua, na mkorogo uutupe. Tutapima homoni tujue zinaota kwa nini."

"Na baadaye? Nikipona utazitoa kwa ile mashine yako?"

Daktari alichelewa kujibu. Mashine ya 1064 ingeweza kumfaa tangu mwanzo. Lakini ipo hali ya kushangaza, inajulikana kwa madaktari, ambapo leza ya usoni huamsha nywele badala ya kuziua. Na ipo hii miduara. Nani atathubutu kuunguza ngazi kabla rangi haijamaliza kupanda, na atajuaje kwamba imemaliza? "Tusiseme leo," alisema mwishowe.

Akachukua daftari. Kila mara dada anapokuja, nukta za kila mduara huhesabiwa na kuandikwa. Mduara wa kwanza, chini ya sikio, umekaribia kufungwa. Wa tatu nne. Wa sita saba, mbili zimeungana. Wa tisa mbili. Alihesabu kwa sauti ya chini na yule dada akafuatisha kwa midomo, macho ameyafumba.

Wa kumi na moja, ule wa karibu na kidevu, lenzi ilikaa juu yake kwa muda. Daktari aliisogeza kushoto, akairudisha, akaongeza taa.

"Bado," alisema, akaandika sifuri kwa penseli.