Shujaa Akifa Mezani

Ukutani umechongwa uso wa shetani wa rangi ya kijani, kinywa wazi, ndani giza tupu. Mchezaji anasema mhusika wake anaingia humo. Msimamizi wa mchezo anamjibu kwamba mhusika huyo hayupo tena: hakuna maiti, hakuna upanga uliobaki, wala dadu haikurushwa. Hivyo ndivyo mtego mmoja unavyoua katika Tomb of Horrors, kaburi la kubuni ambalo Mmarekani Gary Gygax alilipeleka mashindanoni mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya yeye na Dave Arneson kutoa mchezo wa Dungeons & Dragons.

Katika michezo ya aina hii kila mchezaji huendesha mhusika wake, awe mpiganaji, mwizi au kuhani, na kueleza kwa mdomo anachofanya. Msimamizi huusimulia ulimwengu wote uliobaki, maadui wakiwemo, na penye shaka dadu huamua. Hadithi moja huweza kuchezwa kwa miaka. Kwa hiyo mhusika akifa, mtu hupoteza alichokilea muda mrefu, na kauli iliyomwua imetoka kwa rafiki aliyeketi naye meza moja.

Gygax, pamoja na sifa yake ya ukali, aliliona hilo. Katika mwongozo wa wasimamizi aliouandika mwaka 1979 hakutaka mzembe ahurumiwe. Lakini aliyechukua kila tahadhari, kisha dadu zikamgeuka, msimamizi ana ruhusa ya kumpunguzia adhabu: azimie, apoteze jicho au kiungo, mradi aishi.

Toleo la tano la mchezo huo, la mwaka 2014, linaiweka nafasi hiyo ndani ya kanuni. Mhusika aliyeishiwa pointi za uhai huzimia kwanza, isipokuwa pigo likiwa zito kupindukia. Zamu yake ikifika hurusha dadu ya nyuso 20. Akipata 10 au zaidi, amefaulu. Chini ya hapo, ameshindwa. Akifaulu mara tatu ametulia, akishindwa mara tatu amekwenda. Wenzake wana zamu chache za kumkimbilia.

Hapo ndipo msimamizi hupimwa. Adui aliye karibu akimpiga aliyezimia, pigo hilo huhesabiwa kushindwa mara mbili. Je, ampige? Mbwamwitu mwenye njaa ana sababu ya kumburuta. Jambazi ambaye bado anashambuliwa na watu watatu hana sababu ya kuinamia aliyelala, na wachezaji wataona wazi kwamba mkono unaoua si wa jambazi.

Watazamaji wa Critical Role, kipindi ambacho waigizaji wa sauti hucheza mbele ya kamera, waliliona jambo hili Julai 2018. Wahusika watatu wa kundi walikuwa wametekwa na wauza watumwa, akiwemo kuhani aliyekuwa akiwatibu wenzake. Waliobaki wakaamua kuwavizia watekaji. Mollymauk, mhusika wa Taliesin Jaffe, alitumia nguvu inayomgharimu pointi zake mwenyewe za uhai, akazimia. Kiongozi wa watekaji akammaliza ili awe fundisho kwa wengine. Msimamizi, Matthew Mercer, hakukitengua kifo hicho. Adui alitenda kama adui, na hatari waliifuata wachezaji wenyewe.

Si kila meza inataka ukali huo, ndiyo maana wasimamizi wengi huulizana na wachezaji kabla ya kikao cha kwanza kama kifo kinaruhusiwa. Michezo mingine hujibu mapema. Anayeketi kucheza Call of Cthulhu, iliyotoka 1981, anajua mhusika wake huenda akafa au akarukwa na akili. Katika Paranoia ya 1984 kila mhusika ana nakala za akiba, na vifo huwa vichekesho. Dread haina dadu: wachezaji huchomoa vipande vya mnara wa mbao, na anayeuangusha mhusika wake ametoka. Ila akiuangusha kwa makusudi, mhusika hutoka akiwa amefanikiwa katika alilokusudia.

Baada ya kifo yupo mtu aliye hai, bado ameketi, hana la kufanya. Wasimamizi makini humwachia aeleze dakika za mwisho za mhusika wake, humpa mhusika mdogo au hata adui amwendeshe usiku uleule, na mhusika wake mpya humwanzisha kwenye ngazi waliyofika wenzake. Jaffe alirudi upesi na Caduceus Clay, mtunza makaburi. Safari hii alichagua kuhani, kundi ambalo kanuni zinaliruhusu kufufua wafu.