Zimwi Linangoja, Nyanya Hangoji

Nyabugogo mnaijua: makonda wanaita, mizigo imejaa, na kungoja hakuishi. Tulitoka Kiziba asubuhi kwenda kumpokea nyanya, aliyekuwa anakuja kutoka Bukavu kwa gari la Rusizi. Simu yetu ni moja. Kijana wetu akaishika: "Mama, naua zimwi moja tu."

Tukamwachia. Kusema kweli, mchezo wenyewe sisi hatuuchukii. Ni Final Fantasy ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1987 na kutengenezwa upya kwa ajili ya simu mwaka 2021. Unaongoza watu wanne wenye panga na uchawi, na mnapigana kwa zamu. Unachagua: kupiga, kutibu au kukimbia. Usipochagua, zimwi linasimama palepale hata ukienda kuteka maji na kurudi. Babu aliuelewa haraka kuliko sisi. Alisema ni kama igisoro, hakuna anayegusa kete mpaka mwenzake amalize. Ndiyo maana mchezo huu unaingia hata kwenye siku yenye shughuli, tofauti na ile ya mbio za magari ambayo mtoto ukimwita anakuambia ngoja, nitakufa!

Lakini kumbe zimwi linangoja, chaji haingoji. Saa nane simu ikazimika. Nyanya alikuwa ameshashuka na alikuwa anatupigia. Tulimtafuta kwa zaidi ya saa moja, gari kwa gari, mama akilia wazi mbele za watu. Tulimkuta amekaa juu ya mfuko wake karibu na magari ya Huye, hajala, ameshika karatasi yenye namba yetu. Kijana hakusema neno mpaka tumefika nyumbani.

Baba alitaka kuufuta usiku uleule. Mama akakataa, maana kijana alikuwa anasoma maneno ya Kiingereza humo na kutuuliza maana yake. Tukakaa, tukakubaliana. Safarini simu inakaa kwa mama. Nyumbani, chaji ikishuka chini ya nusu, mchezo unafungwa, kwani kuchajisha dukani ni pesa. Anacheza baada ya maji na masomo, mapambano mawili au matatu, halafu anahifadhi. Zamani kwenye mchezo huu ulihifadhi kwenye nyumba ya wageni, au njiani kwa kutumia hema (na sisi hema tunalijua!). Siku hizi unahifadhi karibu popote, ila si katikati ya pambano. Kwa hiyo tukimwita tunamwachia amalize hilo moja, na yeye hafungui jingine. Wiki ya kwanza alifungua mara mbili, akanyang'anywa siku tatu.

Nyanya sasa analala kwetu. Jioni anamsogelea kijana na kuuliza kama lile zimwi bado lipo. Juzi tulimsikia akimwambia: "Mutibu kwanza huyo wa nyuma, anakufa."