FISI-MAJI: MWIZI AO MLINZI WA MTO?



Wavuvi wengi wanasema: "Ile nyama ya maji njo inamaliza samaki yetu." Kisha wanaitegea, wanaipiga, na ngozi inauzwa. Inafaa tupime mashtaka haya.

Nyama huyu anaitwa fisi-maji. Haiko fisi hata kidogo. Ni wa jamaa moja na nyegere. Katika Kifaransa tunamwita loutre. Upande wetu wa Lualaba kuna namna mbili.

Wa kwanza ni mkubwa, kilo 10 mpaka 20 na zaidi. Vidole vyake vya mbele havina kucha. Anapapasa navyo chini ya mawe, sawa mtu anayetafuta feza gizani. Chakula chake sana sana ni kaa. Tena anakula vyura na samaki.

Wa pili ni mdogo, kilo 3 mpaka 6. Ana madoa shingoni, na ngozi kati ya vidole sawa bata. Huyu anakula samaki, wengi wao wadogo. Anawinda kwa macho, njo maana anapenda maji yasiyo na matope.

Manyoya yao ni ya safu mbili. Yale marefu ya juu yanazuia maji. Yale mafupi ya chini yanashika hewa, na mwili haupati baridi. Ni shauri ya manyoya hayo watu wanaitamani ngozi.

Kuna wengine wanaoshtakiwa pamoja naye. Nguchiro wa maji anakula kaa na vyura pembeni ya mto. Kwa hiyo ukiona mavi yenye maganda ya kaa, usiseme mbio ni ya fisi-maji. Simbiliki naye anakula majani na matete tu. Samaki hamgusi, lakini anapata fimbo ileile!

Sasa, fisi-maji anaiba? Ndiyo, anaweza kutoa samaki katika wavu na kuupasua. Hasara ya mvuvi ni ya kweli. Lakini kama yeye njo anamaliza samaki, basi pale alipokwisha kuuawa samaki wangejaa. Je, wamejaa?

Tutazame Luilu na Musonoie, mito ya hapa kwetu Kolwezi. Katika 2013 wataalamu walitangaza vipimo vya maji na matope yake: walikuta shaba na kobalti nyingi. Madini hayo yanatulia chini, palepale kaa na wadudu wa maji wanapoishi. Wakifa hao, samaki atakula nini? Tena jirani zetu wa Zambia: tarehe 18 mwezi wa pili 2025, ukuta wa bwawa la takataka za mgodi ulivunjika karibu na Chambishi. Asidi iliingia mto Mwambashi, kisha Kafue, na samaki wakafa. Hakuna fisi-maji aliyebomoa ukuta ule.

Basi, ndugu zangu, mto wenye fisi-maji ni mto wenye chakula bado. Siku mvuvi haoni tena nyayo zake mchangani, asifurahi. Aulize maji yamepata nini. Nasi tukienda mtoni, tusimtupie mawe wala kumtegea. Tuandike mahali tulipoona nyayo, tumpelekee mwalimu wa biolojia. Kwa njia hiyo tutajua mito gani bado inaishi.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho