Je, Wajua? Rashasha Juu ya Paa la Bunge
Juu ya paa la Bunge la Rwanda, mtaani Kimihurura jijini Kigali, imesimamishwa sanamu ya mpiganaji aliyeshika rashasha ya milimita 12.7, yaani bunduki nzito imiminayo risasi mfululizo. Sanamu hiyo huwaenzi askari 600 wa RPA, jeshi la chama cha RPF, waliowasili hapo Desemba 1993 kuwalinda viongozi wao kwa mujibu wa Mkataba wa amani wa Arusha kati ya serikali na RPF, na ambao, mauaji ya kimbari yalipoanza Aprili 1994, walizingirwa na kupigwa mizinga, lakini wakatoka kuwaokoa raia. Makovu ya makombora yangali ukutani, kwa busara hayakuzibwa, na tangu Desemba 2017 jengo hilo lina makumbusho ya historia hiyo.