Bangi na kisukari: Dawa iliyoshusha sukari ikaondoa furaha

JIRANI yangu alibisha hodi jioni moja akiwa ameficha chupa ndogo ndani ya leso. Mlikuwa na mafuta meusi, mazito kama lami.

"Mwanangu, wewe ndiwe msomi wa ploti hii," akasema kwa sauti ya chini. "Haya yameletwa na mjomba wa kijana. Anasema ni ya bangi, eti akinywa matone matatu kila usiku ataweka sindano kando. Ni kweli?"

Kijana mwenyewe ana umri wa miaka 19 na amekuwa akijidunga insulini tangu alipokuwa darasa la sita. Kisukari chake ni cha aina ya kwanza, yaani kinga ya mwili wake imeziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Bila insulini, sukari hubaki ikizunguka kwenye damu huku mwili ukifa njaa.

Madai kwamba bangi hutibu kisukari yametapakaa mitaani, kwenye matatu na kwenye simu. Tatizo ni kwamba si porojo tupu. Yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowapoteza wengi.

Wataalamu wawili wa Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walibainisha mwaka wa 1964 kemikali ya THC, ambayo ndiyo inayomlewesha mvutaji wa bangi. Baadaye ikajulikana kwamba mwilini mna vitasa ambavyo kemikali hiyo huvifungua kama ufunguo. Kimoja huitwa CB1. Kiko kwa wingi ubongoni, na pia kwenye ini, kwenye mafuta ya mwili na kwenye kongosho.

Mwenyezi Mungu hakutuwekea vitasa hivyo kwa ajili ya bangi. Mnamo 1992 huko Jerusalem, kundi la Mechoulam liligundua kwamba mwili hujitengenezea ufunguo wake wenyewe. Wakauita anandamaidi, kutokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya furaha tele. Tafadhali msomaji, likumbuke jina hilo.

Kitasa cha CB1 kikifunguliwa, njaa huja. Yeyote aliyewahi kumwona mvutaji bangi akimaliza sufuria ya ugali ya watu watatu hahitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo sababu Marekani iliidhinisha dawa yenye THC iliyotengenezwa maabarani iwasaidie wagonjwa wa Ukimwi waliopoteza hamu ya kula.

Basi wanasayansi wakajiuliza: je, kitasa hicho kikizibwa?

Kampuni ya Sanofi-Aventis ilitengeneza tembe za rimonabanti kufanya kazi hiyo hasa. Zilijaribiwa kwa watu 1,047 wenye uzito wa kupindukia na kisukari cha aina ya pili, ambapo kongosho bado hutoa insulini lakini mwili hauitikii ipasavyo. Baada ya mwaka mmoja, waliomeza miligramu 20 kila siku walikuwa wamepungua kilo 5.3, na waliopewa tembe bandia kilo 1.4. Kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi mitatu kilishuka kwa 0.6, ilhali kwa wenzao kilipanda kidogo. Ulaya ikaidhinisha tembe hizo mwaka wa 2006.

Angalia vizuri hapo. Dawa iliyoshusha sukari haikuwa bangi. Ilikuwa kinyume chake.

Lakini ukikifunga kitasa cha furaha, unafunga na furaha yenyewe. Waliotumia tembe hizo walianza kupatwa na wasiwasi na huzuni nzito, na wengine wakawaza kujiua. Mnamo 2007 washauri wa serikali ya Marekani waliikataa dawa hiyo kwa kauli moja, na Oktoba 2008 idara ya dawa ya Ulaya ikapendekeza mauzo yasimamishwe baada ya kuona kwamba hatari ya maradhi ya akili ilikuwa karibu maradufu.

Na bangi yenyewe je? Kwenye seli za kongosho, majaribio hayakubaliani: mengine yameonyesha vitasa hivyo vikichochea insulini itoke, mengine vikiizuia, na ya panya si lazima yafanane na ya binadamu. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka wa 2013 ulipata kwamba watumiaji bangi walikuwa na insulini ndogo kwa asilimia 16 kabla ya kula, jambo lililoshangiliwa sana. Ule wa 2015 ukawapata watumiaji wakiwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukaribia kisukari. Huo wa pili sijawahi kumsikia mtu akiutaja kwenye matatu.

Kwa mtu kama kijana wa jirani, utafiti wa kuangaliwa ni wa Colorado, Marekani, ambako bangi ni halali. Watu wazima 450 wenye kisukari cha aina ya kwanza walichunguzwa na matokeo kuchapishwa mwaka wa 2019. Miongoni mwa watumiaji bangi, hatari ya damu kujaa asidi kwa kukosa insulini ilikuwa karibu maradufu. Hali hiyo huua. Isitoshe, sukari ikishuka ghafla, mgonjwa hutetemeka na kuchanganyikiwa, na waliomzunguka wanaweza kudhani ni ulevi tu wa bangi.

Sheria ya Kenya ya 1994 inayoharamisha bangi sikumtajia mama huyo. Mjomba aliijua, ndiyo maana chupa ilikuja kwenye leso. Nilimweleza tu kwamba hakuna tone lolote linaloweza kuziba pengo la insulini ambayo kongosho la mwanawe haliitoi tena.

Alinyamaza kidogo. "Mwanangu, juzi aliyaonja. Na leo ametapika mara mbili."

Tukaenda naye mlangoni mwake mbio. Kipimo cha sukari kilikuwa kwenye droo. Kilisoma 24, na kabla ya saa mbili usiku tulikuwa ndani ya teksi, insulini mkononi.