Kufunika Nyota Ili Kuona Sayari

Watu wanasikia kwa redio kwamba wenye elimu ya nyota wamekwisha kupata sayari zaidi ya 6,000 zinazozunguka nyota nyingine, mbali sana na jua letu. Halafu wanatuuliza: Nani ameziona? Swali hili ni la haki. Padri au mwalimu wa dini akiulizwa hivyo, asijibu kwa kubahatisha. Tutaeleza hapa sababu gani sayari hizo ni ngumu kuonwa, na ni kivuli cha namna gani kinachotafutwa ili zionekane.

1. Shida iko wapi?

Kwanza tutenganishe maneno. Nyota ina mwanga wake yenyewe, kama jua. Sayari haina mwanga wake. Inapokea ule wa nyota yake na kuurudisha kidogo, kama dunia yetu au kama Zuhura, ile inayong'aa sana mapema asubuhi.

Sayari zilizo nyingi katika hizo 6,000 hazikuonwa zenyewe. Zinajulikana kwa alama, kama mwindaji anavyomjua mnyama kwa nyayo zake. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz, wa Geneva huko Uswisi, walitangaza sayari ya nyota iitwayo 51 Pegasi. Hawakuiona, waliona nyota yake ikiyumba kidogo kwa kuvutwa nayo. Nyingine zilijulikana kwa kuwa zinapita mbele ya nyota yao, na mwanga wa nyota unapungua kidogo. Chache tu zimepigwa picha, tangu mwaka 2004 huko Chile. Nazo ni kubwa, zina moto, na ziko mbali na nyota zao.

Lakini iliyo ndogo kama dunia yetu? Jua linang'aa kuliko dunia mara milioni elfu kumi. Tena, mtu akitutazama kutoka nyota ambayo mwanga wake unasafiri miaka 33 kufika hapa, angeona dunia imekaribiana mno na jua. Chukua upana wa mwezi unavyoonekana mbinguni, uugawanye mafungu 18,000: fungu moja ndilo nafasi iliyo kati yao. Kimulimuli akiruka karibu na taa kali, hatumwoni. Tukiweka kiganja mbele ya taa, anaonekana. Kumbe hakukosa mwanga. Mwanga wa jirani yake ulimmeza.

2. Mwezi umetuonyesha njia

Kiganja hicho Mungu alikwisha kukiweka mbinguni: ndio mwezi. Siku ya 29 Mei 1919 mwezi ulilifunika jua lote. Kivuli chake kilitoka Amerika ya Kusini, kikapita kisiwa cha Principe, kikavuka Kongo yetu mpaka Ziwa Tanganyika na kuendelea Msumbiji. Huko Principe, Mwingereza Arthur Eddington alipiga picha za nyota zilizokuwa karibu na jua, mchana. Picha hizo, pamoja na zile za Brazil, zilisaidia kuonyesha kwamba Einstein alisema kweli: mwanga unapinda ukipita karibu na jua. Nyota zile zilikuwa pale sikuzote. Ilibaki kulifunika jua tu.

Siku ya 1 Septemba 2016 jua lilipatwa tena juu ya Kongo na Tanzania. Lakini mara hiyo mwezi ulikuwa mbali kidogo, ukaonekana mdogo kuliko jua. Pete ya moto ikabaki pembeni, na usiku haukuingia. Tushike fundisho hili: kifuniko kikiacha hata ukingo mwembamba wa mwanga, kazi imeharibika.

Mwaka 1930 Mfaransa Bernard Lyot alianza kuiga mwezi: aliweka kifuniko kidogo ndani ya darubini yenyewe. Njia hiyo imeendelea sana, na Wamarekani wameitia katika darubini yao ya angani iitwayo Nancy Grace Roman. Lakini ina shida moja: mwanga wa nyota umekwisha kuingia nyumbani kabla ya kufungiwa mlango. Ndani unatawanyika juu ya vioo.

3. Kivuli cha angani

Basi, kwa nini tusiufungie mwanga mlango nje? Mwaka 1962 Mmarekani Lyman Spitzer alitoa shauri hilo: kifuniko kiruke peke yake angani, mbali mbele ya darubini, na darubini ikae katika kivuli chake.

Shauri moja la Wamarekani, la mwaka 2019, lilipima hivi: kifuniko cha upana wa metri 52, kilometri 76,600 mbele ya darubini. Hiyo ni kama upana wa dunia mara sita. Ni sawa na kutazama punje ya hindi iliyo umbali wa kilometri 15, na kuitumia kuficha nyota.

Tena kifuniko hakiwezi kuwa duara kama sahani. Mwanga ukigusa ukingo unapinda, kama maji yanavyozunguka nguzo mtoni. Mwaka 1818 Poisson, Mfaransa, alifanya hesabu na kusema: kama ni hivyo, katikati ya kivuli cha kitu cha duara lazima pawe na nukta ya mwanga! Alidhani amewashinda wenzake. Arago akajaribu, na nukta ikaonekana. Kwa sababu hiyo, mwaka 2006 Webster Cash alionyesha umbo la kufaa: kifuniko chenye ncha ndefu pande zote, kama ua la alizeti. Ncha hizo zinapunguza mwanga polepole, nukta isizaliwe. Makali yake yawe kama wembe, ili jua letu lisimulike juu yake.

4. Kazi imefika wapi?

Kwa nyota za mbali, hakuna kifuniko cha namna hiyo kilichokwisha kuruka. Kimejaribiwa chini tu, kama katika jangwa la Nevada. Lakini kwa jua letu kazi imeanza. Mwezi wa Desemba 2024 Wazungu wa Ulaya, na Wabelgiji kati yao, walirusha kutoka India vyombo viwili viitwavyo Proba-3. Kimoja kina sahani ya metri 1.4, kingine kinafuata metri 150 nyuma, katika kivuli chake. Mwaka 2025 picha za kwanza zilitolewa: kupatwa kwa jua kulikofanywa na watu.

Kwa nyota, shida ni kubwa zaidi. Darubini isitoke katikati ya kivuli zaidi ya metri moja hivi. Na kila mara ukitaka nyota nyingine, kifuniko kisafiri siku nyingi au majuma, kikila mafuta yake.

5. Tujibu nini?

Padri Angelo Secchi, Mjesuiti wa Roma aliyekufa mwaka 1878, alizipanga nyota kwa kuugawa mwanga wao katika rangi zake. Njia hiyohiyo itatumika kwa sayari: rangi zinazokosekana huonyesha kama kuna mvuke wa maji au oksijeni. Hapa kwetu oksijeni inatoka katika majani na miti. Lakini inaweza kutokea pia bila kitu chenye uzima. Kwa hiyo alama moja haitoshi.

Basi, tukiulizwa, tujibu hivi: sayari hizo ziko, alama zake ni za kweli. Iliyo kama dunia yetu, yenye jua kama letu, hakuna aliyeiona bado. Na anayesema kwamba kuna watu huko, anasema kuliko anavyojua. Wenye elimu wenyewe hawasemi hivyo. Wanajenga kwanza kivuli.